Bruce Lee: Jamaa aliyeandika kila ngumi kwenye daftari

Ukimtaja Bruce Lee mtaani, kila mtu anakupa kitu kilekile: nduru, nanchaku, na kidole gumba kinachopangusa pua. Hata waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaijua hiyo ishara ya pua. Wazazi wetu walimtazama kwenye vibanda vya video, wamebanana kwenye viti vya mbao, halafu wakatoka hapo wakirushiana mateke hadi nyumbani. Sisi tumemrithi kwenye simu, vipande vya sekunde thelathini, shati hana, mgongo umechongwa kama ramani ya milima.

Daftari halionekani kwenye hizo klipu. Mimi ningeambiwa niibe kitu kimoja tu cha huyu msee, ningeacha nanchaku na kuchukua daftari.

Alizaliwa Novemba 27, 1940, katika mtaa wa Wachina jijini San Francisco, Marekani. Babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa opera ya Kikantoni, na wakati huo alikuwa huko ziarani pamoja na mkewe, Grace Ho. Jina la mtoto lilikuwa Lee Jun-fan; hilo la Bruce alipewa hospitalini. Akiwa na miezi michache tu familia ilirudi Hong Kong, na kabla mwaka wa 1941 haujaisha jeshi la Japani lilikuwa limeuvamia mji. Akakulia hapo, chini ya wageni wenye bunduki, hadi vita vilipoisha 1945. Nyumbani walimpa jina la utani lenye maana ya asiyekaa kitako. Kila boma lina mtoto wa aina hiyo, yule ambaye ukigeuka tu ameshapanda juu ya kabati.

Kwa sababu babake alijulikana kwenye sanaa, Bruce aliwekwa mbele ya kamera akiwa bado mtoto mchanga. Kufika umri wa miaka 18 alikuwa ameonekana katika filamu karibu 20. Ungedhani hayo yangetosha kumtuliza. Wapi! Hong Kong ya miaka ya hamsini ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka bara, vijana walikuwa wamegawanyika makundi makundi, na mapigano yalipangwa juu ya paa za majengo ambako polisi hawafiki haraka. Bruce alikuwa huko. Akiwa na miaka kama 13 alianza kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Yip Man, na hata huko hakupata raha: baadhi ya wanafunzi walimkataa kwa kuwa mamake alikuwa na damu ya Kizungu, wakadai si Mchina kamili.

Kuna tukio la miaka hiyo ambalo yeye mwenyewe alilisimulia baadaye kwenye insha ya chuo. Yip Man alimwona anakaza mwili, anapigana kwa hasira, akamwambia aende nyumbani apumzike wiki nzima, asifanye mazoezi kabisa. Hebu fikiria kumwambia hivyo kijana asiyekaa kitako. Alijaribu kukaa na kutafakari, ikamshinda. Siku moja akachukua mashua, akaenda baharini peke yake. Kwa hasira akaanza kuyapiga maji ngumi. Maji yakapisha ngumi, yakarudi mahali pake, hayana jeraha. Akajaribu kuyashika, yakampita vidoleni. Hapo kitu kikamfungukia kichwani, akalala kwenye mashua akiiacha isukumwe na mawimbi. Yale mambo yote ya maji ambayo watu wanayaandika kwenye tisheti yalianzia kwa kijana aliyekuwa amezuiwa kufanya mazoezi.

Usidhani alibadilika papo hapo. Aliendelea kupigana. Lakini aliendelea pia na jambo lingine ambalo watu hulisahau: dansi. Mwaka wa 1958 alishinda mashindano ya cha-cha ya Hong Kong, na alikuwa anatembea na kadi mfukoni yenye orodha ya mitindo 108 ya hatua za cha-cha. Mia na nane! Mwaka huohuo akashinda ndondi za shule. Angalia hiyo kadi vizuri, kwa sababu tabia hii ya kuandika kila anachojifunza haikumwacha hadi mwisho.

Kufikia 1959 vurugu za barabarani zilikuwa zimemfikisha pabaya, na wazazi wakaamua aondoke. Alipanda meli kwenda Marekani akiwa na dola 100 mfukoni. Njiani alifundisha cha-cha abiria wa daraja la juu. Alifikia San Francisco, kisha akahamia Seattle, ambako alikaa kwenye chumba kidogo juu ya mkahawa wa Ruby Chow, rafiki wa familia, na kulipia malazi kwa kazi ya kuhudumia meza. Yule mtoto wa filamu sasa anabeba sahani, na hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alimaliza masomo ya sekondari Edison Technical School, na 1961 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington, ambako alisomea drama na kuchukua pia masomo ya falsafa.

Mwaka wa 1964 akaacha chuo. Hakurudi tena, na cheti hakukipata. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo sehemu hii huwa naisoma pole pole, na ninachokiona ni hiki: huyu jamaa aliacha darasa akabaki na vitabu. Maktaba yake ya nyumbani ilipita vitabu 2,000. Falsafa ya Uchina, ndondi za Magharibi, upigaji panga wa michezo, saikolojia, mazoezi ya misuli. Alivipigia mistari, akaandika pembeni, akabishana navyo. Si ati alivipanga sebuleni wageni wavione.

Alikuwa ameshaanza kufundisha kungfu, na hapa alivunja desturi. Waalimu wengi wa Kichina huko Marekani hawakupenda kufundisha watu wa nje. Mwanafunzi wake wa kwanza Seattle alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi. Wengine wakafuata: Wajapani, Wazungu, yeyote aliyekuwa tayari kutoa jasho. Mmoja wao alikuwa Linda Emery, mwanafunzi wa chuo, ambaye alimuoa Agosti 1964. Mwezi huohuo, kwenye mashindano ya karate ya Long Beach, Bruce alipiga pushapu kwa vidole viwili vya mkono mmoja, halafu akamsukumia mtu mzima kwenye kiti kwa ngumi iliyotoka umbali wa inchi moja.

Ukiona hayo unafikiri alizaliwa na mwili wa chuma. Hapana. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.72 tu, mwembamba, macho yake hayakuona mbali bila miwani, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Wewe uliye na kisingizio cha goti, karibu.

Halafu likaja pigano lililomwaibisha, ingawa alishinda.

Mwishoni mwa 1964, Bruce akiwa Oakland ambako alikuwa na shule pamoja na James Yimm Lee, alikuja kijana mwingine hodari, Wong Jack Man, wakapambana bila watazamaji wengi. Waliokuwepo hawakuwahi kukubaliana ni nini hasa kilitokea wala kilichukua muda gani. Kwa upande wa Bruce na Linda, lilikuwa jambo la dakika tatu hivi, na mpinzani alikimbia huku Bruce akimfukuza. Mtu mwingine angetoka hapo akijigamba mwaka mzima. Yeye alikaa chini amenuna. Pumzi ilikuwa imemwishia na mikono imevimba. Dakika tatu tu, na yeye hoi! Aligundua kwamba alikuwa na ufundi mwingi ndani ya mwili usio na stamina.

Kutoka hapo mazoezi yake yakawa kitu kingine kabisa. Alianza kukimbia, mara nyingi na mbwa wake mkubwa aliyeitwa Bobo, akibadilisha kasi njiani: pole, mbio, kutembea, mbio tena. Aliruka kamba. Aliendesha baiskeli ya kusimama. Alibeba vyuma, kitu ambacho watu wa kungfu wa zamani walikidharau wakisema kinamfanya mtu mzito. Tumbo alilifanyia kazi kila siku, na mikono ya mbele vilevile, kwa kuwa aliamini ngumi bila mkono imara ni kelele tu. Na kila kitu kiliandikwa. Ngumi ngapi za kulia, ngapi za kushoto, mateke mangapi, dakika ngapi, tarehe gani. Shajara zake za miaka hiyo zimejaa hesabu kama daftari la mwenye duka anayefuatilia madeni.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Januari jimu zinajaa, Machi unaweza kusikia mwangwi. Mtu anategemea hamu, na hamu ina siku zake. Bruce aliacha kuiuliza hamu. Aliliuliza daftari: jana nilifanya ngapi?

Mkewe ameeleza jinsi alivyokuwa nyumbani. Unaweza kumkuta anatazama televisheni huku mguu mmoja umenyooshwa juu ya kitu, kitabu mkono mmoja na chuma kidogo mkono mwingine. Hakutenga saa moja takatifu ya mazoezi kisha akakaa kama gunia siku nzima. Chakula nacho hakikuwa cha maajabu: wali, mboga, nyama na samaki kwa mtindo wa Kichina, milo midogo badala ya sinia moja kubwa, chai yenye asali, na kinywaji alichokisaga kwenye blenda, maziwa ya unga, mayai, ndizi na siagi ya njugu. Vitu vya kuokwa vyenye ngano na sukari nyingi aliviepuka. Ndizi, mayai na njugu ziko kwa mama mboga na kioski cha hapo nje, kwa hivyo usiniambie mambo ya mkebe wa unga wa bei ya kodi ya nyumba.

Kichwa pia alikifanyisha mazoezi. Alisoma Napoleon Hill, akachukua wazo la kujiandikia mambo unayotaka akili yako iyafuate, akayaandika kwenye kadi ndogo na kutembea nazo mfukoni: kadi kuhusu nia, kuhusu hisia, kuhusu mawazo ya ubunifu, kuhusu dhamiri, kuhusu kumbukumbu. Ni kadi ya cha-cha tena, ila sasa hatua zenyewe ni za ndani. Januari 1969 alijiandikia karatasi ya lengo la maisha. Alisema atakuwa nyota wa kwanza mwenye asili ya Asia kulipwa kuliko wote Marekani, kwamba kufikia 1980 atakuwa na dola milioni kumi, na kwamba hayo yakishapatikana ataishi anavyotaka kwa amani ya moyoni na furaha.

Karatasi hiyo inasambazwa sana mtandaoni na wale jamaa wa motisha. Huwa wanasahau kukuambia hali yake alipoiandika. Kipindi cha The Green Hornet, alichoigiza kama Kato, dereva mpiganaji, kilikuwa kimefutwa 1967 baada ya msimu mmoja. Majukumu aliyopata yalikuwa madogo na ya hapa na pale. Alikuwa ameshikilia deni la nyumba, mtoto mmoja, Brandon, na wa pili, Shannon, alikuwa njiani, akazaliwa Aprili. Kilichomlisha ni kufundisha watu maarufu, kina Steve McQueen na James Coburn, hata mchezaji wa vikapu Kareem Abdul-Jabbar.

Upande wa roho, Bruce hakujifunga kwenye dini yoyote. Alikuwa amesoma shule za Kikatoliki akiwa mdogo, lakini aliyemrudisha kwenye utulivu ni Lao Tzu na mafunzo ya Zen, na baadaye Krishnamurti, yule Mhindi aliyefundisha kwamba mtu asimpe mwingine kazi ya kumtafutia ukweli. Mfumo wake wa kupigana, Jeet Kune Do, aliupa jina 1967, na ukiuangalia ni imani yake ikiwa imevaa glavu: chukua kinachokufaa, tupa kisichokufaa, usiwe mtumwa wa mtindo wa mtu. Sehemu hiyo mimi huona ni ngumu kuliko pushapu za vidole viwili. Kufuata mtindo ni rahisi, mtu anakuambia amka saa kumi asubuhi, oga maji baridi, na wewe unaoga.

Sasa tufike Agosti 13, 1970.

Asubuhi hiyo alifanya zoezi alilokuwa amelifanya mara nyingi: chuma mabegani, kiuno kinakunjwa mbele, mgongo umenyooka. Uzito ulikuwa ratili 125, kama kilo 57, karibu sawa na mwili wake. Siku hiyo hakupasha mwili joto vizuri. Mgongo ukamuuma, yeye akafikiri ni kitu cha kupita. Maumivu yakazidi, na madaktari wakasema neva ya chini ya mgongo imeumia. Wakamwambia alale, na kwamba mateke asahau, hatapiga tena maishani.

Alikuwa na miaka 29, na mwili ndio uliokuwa ofisi yake. Miezi ikapita kitandani. Pesa zikaisha. Linda akachukua kazi ya jioni katika kampuni ya kupokea simu, na Bruce, mtu aliyezoea kufundisha mastaa, akabaki nyumbani na watoto, hawezi hata kuwabeba vizuri. Kama kuna wakati ambapo angeruhusiwa kuvunjika, ni huo.

Alichukua daftari. Alichoweza kufanya bila mgongo ni kusoma na kuandika, basi akafanya hivyo kila siku. Aliandika kuhusu umbali kati ya wapiganaji, kuhusu muda, kuhusu ndondi, kuhusu hofu na akili iliyotulia, akachora michoro, akanakili alichokiona kina maana kwenye vitabu vyake. Madaftari yakawa manane. Nyuma ya kadi yake ya biashara aliandika maneno mawili ya kujiamuru aendelee kutembea, akaisimamisha mahali atakapoiona. Polepole akaanza kuinuka, kunyoosha viungo, kutembea, kurudisha uzito kidogo kidogo. Teke likarudi. Maumivu hayakuondoka kabisa, aliishi nayo hadi kufa, na kwenye filamu zote kubwa unazozijua unamtazama mtu anayeumwa mgongo.

Kwa sababu filamu zote hizo zilikuja baadaye. Hollywood ilimpita, kipindi cha Kung Fu cha 1972 kilimpa David Carradine, Mzungu, nafasi ya kuwa mtawa wa Shaolin. Bruce akarudi Hong Kong kwa kampuni ya Golden Harvest ya Raymond Chow. The Big Boss ilitoka 1971 na ikavunja rekodi za huko. Fist of Fury ikafuata 1972, kisha Way of the Dragon, ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe, na ndani yake anapigana na Chuck Norris huko Colosseum, Roma. Halafu Enter the Dragon, ambayo Hollywood sasa ilikuja yenyewe kuitengeneza pamoja naye.

Na hapa tuseme ukweli, maana wasifu mwingi wa mastaa huruka hapa. Yule aliyejifunza kutulia juu ya mashua hakuwa anatulia tena. Alifanya kazi usiku na mchana, akala kidogo, akakonda sana. Mei 10, 1973, akiwa kwenye chumba cha kuingiza sauti za filamu chenye joto kali, alianguka na kutetemeka. Ubongo ulikuwa umevimba. Madaktari walimwokoa. Alipokwenda kupimwa Los Angeles aliambiwa mwili wake ni kama wa kijana wa miaka 18, akarudi kazini.

Julai 20, 1973, akiwa kwenye nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, alilalamikia kichwa, akapewa kidonge cha maumivu kiitwacho Equagesic, akalala. Hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Alikuwa na miaka 32. Mabaki ya bangi yalipatikana tumboni, magazeti yakashangilia, lakini uchunguzi uliegemea upande wa mwili kukikataa kile kidonge, na hukumu ikawa kifo cha bahati mbaya. Tangu hapo kila kizazi kina nadharia yake. Mwaka wa 2022 kundi la madaktari wa figo lilipendekeza kwamba huenda mwili wake ulishindwa kutoa maji ya ziada aliyokuwa akinywa. Ukikumbuka alivyojulikana kwa mafundisho yake kuhusu maji, unaweza kuona kwa nini habari hiyo ilisambaa.

Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi uliofuata. Ikamfanya kuwa yule nyota aliyejiandikia 1969, ila hakuwepo.

Madaftari ya kitandani yalitoka kama kitabu 1975, Tao of Jeet Kune Do, baada ya Linda na wanafunzi wake kuyapanga. Bruce alizikwa Seattle, kwenye makaburi ya Lake View, huku McQueen na Coburn wakiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Brandon alizikwa kando yake 1993, baada ya kupigwa risasi kwa ajali akiigiza The Crow. Wageni bado hupanda hicho kilima kila siku, wengine wanaacha maua, wengine sarafu. Mbele ya jiwe la baba kuna umbo la kitabu kilichochongwa, kimefunguliwa katikati.